Gari Bovu, Daftari na Sheria ya 1888

Sheria inayomlinda mnunuzi wa gari bovu nchini Kongo ni ya zamani kuliko gari lolote lililowahi kukanyaga udongo wa Fizi. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Mfalme Leopold wa Pili, na mpaka leo ndiyo msingi wa mikataba yetu ya kuuziana. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: mtu akikuuzia kitu chenye kasoro iliyojificha, kasoro inayokifanya kisifae kwa kazi uliyokinunulia, au ambayo ungeijua usingekinunua au ungelipa pesa kidogo, muuzaji anawajibika. Uchaguzi ni wako: umrudishie kitu naye akurudishie bei, au ubaki nacho naye akupunguzie. Na kama aliijua kasoro akanyamaza, anakulipa pia hasara uliyoipata.

Niliowaeleza habari hiyo mjini Baraka walinijibu karibu kwa sauti moja: hiyo ni ya Kinshasa, haifiki huku. Ninaandika kwa sababu ilifika. Tuliitumia kwa gari moja la 4x4, nasi hatukuwa na mjomba serikalini wala pesa za kumnunua mtu.

Nilikuwa lojistisye, msimamizi wa usafiri na vifaa, wa shirika dogo la afya, la wenyeji watupu, miaka michache baada ya kambi ya Lusenda kufunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kazi yetu ilikuwa kupeleka chanjo na dawa kwenye vituo vya afya vya milimani na kuwashusha wagonjwa mpaka hospitali ya Baraka. Asiyeijua Fizi afahamu kwamba eneo hili moja ni karibu robo ya jimbo zima la Kivu Kusini. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira ikiambaa na ziwa, inapita Makobola, Mboko, Lusenda, inafika Baraka, halafu inaliacha Ziwa Tanganyika na kupanda Fizi-centre, kisha inaendelea kusini kuelekea Lulimba, Misisi na hatimaye Kalemie. Anayekwenda Kilembwe, ndani ya sekta ya Lulenge, anaiacha hiyo na kushika njia mbaya zaidi. Mvua zikianza, jina la barabara linabaki kwenye ramani tu. Lori likizama tope wiki nzima, nyuma yake msururu wa magari unalala, na akina mama wa vijiji vya karibu wanawapikia abiria.

Kwa hiyo huku hakuna anayenunua 4x4 kwa fahari. Anainunua kwa sababu mgonjwa asipopata gari atabebwa kwa tipoyi, mabegani mwa vijana wa kijiji, siku nzima au mbili. Mwenye kuuza gari kwa shirika la afya la Fizi anajua gari hilo linakwenda kufanya nini, na sisi tulimwambia. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye, maana sheria inauliza kitu kinafaa au hakifai kwa matumizi yaliyokusudiwa. Kama matumizi yametajwa ndani ya hati ya mauzo, muuzaji hawezi kudai kwamba alidhani ni gari la kwenda sokoni.

Magari ya mkono wa pili yanatufikia kwa njia mbili tatu. Mengine yanatoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, yanafika Kigoma na kuvushwa ziwa, au yanazunguka kwa Burundi na kuingilia Uvira. Mengine yanatoka Dubai. Mengine ni ya mashirika makubwa ya kimataifa, yanapigwa mnada yakishachoka. Gari likifika mikononi mwa muuzaji limepitia mikono ambayo hatuijui, na nambari ya kilomita iliyo kwenye dashibodi haina shahidi. Letu lilikuwa limepakwa rangi upya, viti vimefunikwa, matairi yana meno. Tulikwenda na shofere wetu, mzee aliyeendesha malori tangu enzi za Zaire, na fundi mmoja wa Baraka. Walilikagua chini na juu. Wakaliendesha kwenye tambarare ya Uvira, upande wa Kavimvira, likaenda vizuri sana. Ukaguzi ule haukuwa wa uzembe. Kasoro ile isingeweza kuonekana pale, na hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Hati ya mauzo ilikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa unaojulikana na kila mtu aliyewahi kununua gari Kongo: limeuzwa katika hali lilivyo. Nitaurudia mstari huo.

Mara ya kwanza lilizidiwa na joto kwenye mpando wa kwenda Fizi-centre. Mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, maji yakaruka kwenye kopo la akiba. Tukangoja, likapoa, tukajaza maji, likaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Muuzaji tulipompigia simu alikuwa mpole kabisa. Alisema tulirudishe, nasi tukalirudisha, fundi wake akabadili tamostati bure. Barabara ya ziwa ikapitika bila tatizo. Tulipopanda tena milimani, yale yale. Safari hiyo ikawa radieta. Baadaye ikawa pampu ya maji, kisha feni, kisha tukaambiwa ni mafuta machafu ya Misisi. Kila tengenezo lilifuatwa na siku za amani kwa sababu baada ya kila tengenezo tulikuwa na kazi za tambarare, Lusenda na Mboko. Kila mpando uliturudisha tulikotoka.

Siku moja gari lilituzimikia njiani tukiwa tumempakia mama aliyekuwa na uchungu tangu usiku, ametoka kituo cha afya cha juu. Ndugu zake hawakungoja injini ipoe. Walikata miti, wakafunga kitenge, wakamtia kwenye tipoyi wakaondoka naye. Alifika, akajifungua, wote wawili wakapona. Lakini shofere wetu alikaa kando ya gari lile mpaka jioni bila kusema na mtu, na kuanzia siku hiyo hakuna ofisini aliyekubali tena neno la kuvumilia.

Uvumilivu ndio mtego wenyewe. Fundi akikutengenezea bure, unashukuru. Ukishukuru, unaona haya kudai. Tengenezo la pili linakuja kama hisani, la tatu kama udugu, na muda unakwenda. Dekreti ya 1888 inataka mnunuzi adai ndani ya muda mfupi. Haitaji siku ngapi. Muuzaji mwerevu hahitaji kukataa chochote: anatengeneza, anaomba radhi, anatengeneza tena, mpaka muda mfupi uwe mrefu.

Aliyetufungua macho ni mdogo wangu. Alikulia kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, kama Wabembe wengi waliovuka ziwa kukimbia vita tangu mwaka 1996, na kutoka hapo akapelekwa Marekani. Nilipomwandikia juu ya gari alinijibu, "Yaya, huku gari ya namna hiyo wanairudishia kampuni, na wanahesabu." Neno hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Alinitumia maelezo, nikayasoma usiku mmoja kwa taa ya sola.

Jimbo la Connecticut ndilo lilitangulia kutunga sheria ya namna hiyo, mwaka 1982, California ikafuata, na leo kila jimbo la Marekani lina yake. Sheria hizo zimefanya jambo moja kubwa: zimegeuza matengenezo kuwa hesabu. California, kwa mfano, inaangalia miezi 18 ya mwanzo au maili 18,000, yaani kama kilomita 29,000. Ndani ya kipimo hicho, gari likitengenezwa mara nne au zaidi kwa tatizo lile lile, au mara mbili kama tatizo lenyewe linaweza kuua, au likilala gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria inalichukulia kuwa gari bovu mpaka kampuni ithibitishe vingine. Mzigo wa kujieleza unatoka kwa mnunuzi unamwangukia mtengenezaji. Huko kila ziara ya gereji ni ushahidi dhidi yake, wakati kwetu kila ziara ya gereji ilikuwa inatupunguzia haki.

Sikujidanganya kwamba sheria hiyo ingetufaa sisi. Kwanza si yetu. Pili, sehemu kubwa yake ni kwa magari mapya, ingawa majimbo kama New York na Massachusetts yana kinga pia kwa ya mkono wa pili. Tatu, na hili lilinisikitisha, sheria ya California inaliacha nje gari lisilosajiliwa kwa sababu linatumika nje ya barabara kuu tu. Nikaifikiria Lulenge. Mtu akija na kipimo hicho huku, ni magari mangapi yangebaki ndani ya sheria? Anayehitaji kinga kuliko wote ni yule anayeendesha mahali ambapo gari likizima hakuna gari jingine litakalopita.

Afrika Kusini iko karibu nasi zaidi kuliko California, na wafanyabiashara wa Lubumbashi wananunua huko kila siku. Sheria yao namba 68 ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji inampa mnunuzi miezi sita tangu kukabidhiwa bidhaa. Kitu kikiharibika, anachagua kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Na kikitengenezwa halafu tatizo likarudi ndani ya miezi mitatu, mlango wa kutengeneza unafungwa: ni kubadilisha au kurudisha pesa. Naipenda sheria hiyo kwa sababu imeelewa hila ya wema usiokwisha.

Sisi tulikuwa na daftari. Katika kila gari la shirika kuna carnet de bord, daftari la safari, na mzee wetu alikuwa mkali nalo. Tarehe, saa ya kuondoka, kilomita, abiria, mafuta yaliyotiwa, mahali liliposimama na kwa nini. Alipoona mshale umepanda, aliandika umepandia wapi. Hakuandika kwa ajili ya mahakama. Aliandika kwa sababu mkaguzi wa mfadhili angeuliza dizeli ilikwenda wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeshuhudia kwamba hata haki bila daftari hupotea hivyo hivyo. Tulipolifungua na kulisoma kwa mpangilio, jambo moja lilijitokeza wazi ambalo hakuna fundi alikuwa ameliona: gari halikuwahi kuzidiwa na joto kando ya ziwa, hata mara moja. Kila tukio lilikuwa mpandoni, na kila mara baada ya injini kubeba mzigo kwa muda.

Tulilipeleka daftari, si gari, kwa fundi mzee wa Baraka anayeheshimiwa hata na mashirika ya kigeni. Alisoma kurasa, akauliza maswali machache, akasema tumwonyeshe gari lenyewe likiwa limepoa tangu jana. Akafungua kifuniko cha radieta, akawasha, akamwambia kijana akanyage mafuta. Viputo vikaanza kupanda ndani ya maji. Akazima, akanionyesha kwa kidole bila kusema.

Alinieleza baadaye, nami nitaeleza kama alivyonieleza. Juu ya silinda za injini kuna kipande kizito cha chuma tunachokiita kulasi. Ndicho kinachofunika chumba ambamo dizeli inalipuka, na ndani yake kuna njia za maji ya kupoza. Kulasi ikipata ufa kati ya chumba cha moto na njia ya maji, gesi ya mlipuko inapenya na kuingia kwenye maji. Injini ikiwa baridi au ikifanya kazi nyepesi, ufa umejibana, hakuna kinachoonekana, au ni viputo vichache vya kutafutwa na mtu anayejua. Ikipanda mlima na mzigo, chuma kinatanuka, mlipuko unakuwa na nguvu, ufa unafunguka, gesi inayasukuma maji nje, na injini isiyo na maji inaungua. Badilisha tamostati, radieta na pampu mpaka uchoke: ufa uko pale pale. Na tambarare ya Uvira haiwezi kukuonyesha kitu hicho hata ukikanyaga mafuta kutwa.

Nilitaka aifungue injini siku hiyo hiyo. Akakataa. "Papa, nikifungua mimi peke yangu, kesho watasema ni mimi nilivunja." Kwa maoni yangu, sentensi hiyo iliokoa kesi yetu kuliko kifungu chochote. Mahakama haiupi uzito uchunguzi uliofanywa na upande mmoja gizani. Tulimwandikia muuzaji barua tukamtaka aje au amtume mtu wake, tukataja siku na mahali, tukamwomba aliyeipokea atie saini kwenye kopi na kugonga kashe, yaani muhuri. Alimtuma fundi wake. Tukamwomba pia fundi wa tatu, wa shirika jingine, asiye na upande. Kulasi ikatolewa mbele ya wote na kupigwa picha.

Ilikuwa imechomwa. Ufa wa zamani ulikuwa umelehemiwa, ukasuguliwa, ukapakwa rangi juu, na ndani ya njia za maji kulikuwa na ute mzito wa kahawia, masalia ya dawa ile inayomwagwa kwenye radieta kuziba mivujo. "Hii kulasi ilisha kuchomwa zamani," fundi mzee alisema, na fundi wa muuzaji, kijana mwaminifu, hakupinga. Juu ya sehemu iliyolehemiwa kulikuwa na tabaka la masizi na kutu, maana yake kazi hiyo ilikuwa na umri.

Hapo likaja swali ambalo kesi nyingi za magari zinafia: umri gani? Kasoro ikizaliwa baada ya mauzo, muuzaji hahusiki. Jibu lilitoka kwake mwenyewe. Kila alipotutengenezea, gereji yake ilitupa fakitire, yaani ankara, hata ya kazi za bure, kwa sababu tulizidai kwa ajili ya mfadhili. Tamostati ilikuwamo, radieta ilikuwamo, pampu, feni. Hakuna mahali palipoandikwa kulasi kutolewa. Na daftari letu lilionyesha gari halikuwahi kuingia gereji nyingine. Kama hakuna aliyeitoa tangu tununue, basi ilichomwa kabla hatujanunua.

Mwanasheria tuliyempata Uvira alifurahia karatasi zile kuliko alivyotufurahia sisi. Nilimwonyesha mstari wa limeuzwa katika hali lilivyo nikiwa na hofu. Alisema, "Mstari huu unamlinda muuzaji asiyejua, haumlindi anayejua." Dekreti yenyewe inatofautisha hivyo: muuzaji asiyeijua kasoro anaweza kujiondolea dhamana kwa mkataba, lakini mwenye kuijua hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyoyaandika mwenyewe. Na mtu ambaye biashara yake ni magari, mahakama za Ufaransa na Ubelgiji, tulikorithi sheria hii, zimezoea kumhesabu kuwa mjuzi wa kile anachokiuza. Kuhusu muda mfupi alitutuliza pia, maana dekreti inasema muda huo unategemea aina ya kasoro na desturi ya mahali mauzo yalipofanyika. Kasoro inayojificha mpaka upande mlima haigunduliki kwa wiki moja, na desturi ya huku ni kwamba mvua ikinyesha barua haisafiri. Nilimwuliza kuhusu sheria za OHADA, ambazo Kongo ilijiunga nazo mwaka 2012. Zile zinahusu mauzo kati ya wafanyabiashara, na zina hesabu iliyo wazi zaidi: mwezi mmoja tangu kupokea mzigo kwa kasoro inayoonekana, mwaka mmoja tangu kuigundua kwa iliyojificha. Shirika letu si mfanyabiashara, kwa hiyo tulibaki na babu yetu wa 1888. Mwenye duka la Baraka anayenunua gari la kubebea bidhaa zake afuate njia hiyo ya pili, na asiuache mwezi wa kwanza upite bila barua.

Wapo waliotushauri twende parke, kwa mwendesha mashtaka, tumshtaki muuzaji kwa utapeli, alale kasho, yaani mahabusu, siku chache, angelipa. Njia hiyo inapendwa sana huku, na ninaielewa hasira inayoizaa. Lakini kwanza ingetubidi tuthibitishe hila, jambo gumu kuliko kuthibitisha kasoro. Na pili, nimewaona watu wengi wakitumia pesa kumwingiza mtu kasho, mwenzao akatumia pesa kutoka, na gari likabaki limesimama uani kuku wakitagia ndani. Sisi tulihitaji bei yetu irudi, tununue gari jingine kabla ya mvua za Septemba.

Tulifuata njia mbili kwa pamoja. Barua ya mwanasheria ilimpa muuzaji muda wa kujibu kabla ya faili kuingia kwenye mahakama ya Uvira, tribunali ya grande instance, maana bei ya gari ilizidi uwezo wa tribunali ya amani. Wakati huo huo, wazee wawili wa Fizi waliokuwa na undugu wa mbali na familia yake waliomba kuonana naye. Kwetu Wabembe kuna lubunga, kikao ambamo wazee wanasikiliza ugomvi kabla haujawa moto, na wafanyabiashara wa Uvira wanajua maana ya kuitwa na wazee. Wengine wanadhani mzee na mahakama ni njia zinazopingana. Kwetu zilisaidiana, kwa sababu wazee walikwenda na kopi za daftari na picha za kulasi mkononi. Waliweka karatasi mezani na kumwuliza yeye angefanya nini kama gari lile lingembeba mama yake.

Alikubali. Gari alilichukua, bei akairudisha kwa awamu, na mkataba wa kupatana ukaandikwa na kusainiwa mbele ya mwanasheria ili awamu zisigeuke ahadi. Tulisamehe fidia. Mimi sikutaka tusamehe. Niliona, na bado naona, kwamba zile safari zilizovunjika, chanjo zilizopata joto zikatupwa, na kundi la vijana waliomteremsha mama kwa mabega yao, vilikuwa na bei, na sheria ilikuwa upande wetu. Bodi iliamua vingine kwa sababu kesi ingechukua miaka, na sina hoja ya kuwashinda. Nasikitika tu kwamba hakuna hukumu iliyoandikwa. Maelewano yetu yalitufaa sisi, lakini mnunuzi wa kesho hawezi kuyataja mbele ya jaji.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala juu ya soko la magari ya mkono wa pili, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hoja yake ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kuzunguka kwenye yadi za magari za Uvira. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, anatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anafurahi. Kidogo kidogo soko linabaki na mabovu, na muuzaji mwaminifu anafukuzwa na uongo wa wenzake. Ndiyo maana siamini kwamba dhamana ni adui wa wafanyabiashara wetu. Yupo pale Uvira mtu anayeuza magari mazuri na hawezi kupata bei yake, kwa sababu mteja amekwishaumwa na jirani yake.

Kongo ina sheria ya mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, na ina ofisi ya udhibiti, OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia. Ninachokiomba ni kidogo: hesabu. Jaji wa Uvira anayeachiwa maneno "muda mfupi" anaweza kuamua lolote. Akipewa idadi ya matengenezo na idadi ya siku za gereji, hata mtu asiye na mwanasheria ataweza kuhesabu mwenyewe. Na hesabu hiyo itungwe kwa barabara za Fizi, ambako gari kukwama mara moja mahali pasipo msaada ni sawa na kukwama mara nne mjini.

Mpaka itakapotungwa, watu wanatengeneza yao. Vijana wa pikipiki wa Baraka, ambao ni wengi kuliko wenye magari na wanaumizwa zaidi, walisikia habari ya kulasi ile. Mmoja wao alinijia na pikipiki aliyoinunua mpya, ambayo boksi ya gia ilikuwa imefunguliwa na muuzaji mara kadhaa. Hakuwa na fakitire hata moja. Tulikaa, tukaandika tarehe alizozikumbuka, tukawapigia simu abiria na mafundi waliokuwapo kila mara, wakakubali kutia saini. Karatasi zilijaa kurasa mbili. Alimpelekea muuzaji na kuomba risiti ya matengenezo yote ya nyuma, yaandikwe sasa. Muuzaji aligoma kuandika, halafu jioni akampigia simu akamwambia alete pikipiki, atambadilishia boksi nzima. Nilimwambia akubali, lakini asiikabidhi mpaka apewe karatasi inayosema boksi imebadilishwa, kwa sababu gani, na tarehe ngapi.